Kila Mtu Aondoe Chake

Kama hujawahi kufokewa na Phelista Nakhungu, basi wewe si mtu wa Bungoma, au ulihamia juzi. Miaka thelathini na tano alikuwa afisa wa afya ya umma, mama wa koti jeupe na daftari, na akiingia hotelini wapishi walifunika sufuria kabla hajatoa salamu ya mulembe. Siku moja alifunga bucha tatu kabla ya saa nne asubuhi, na ya nne ikajifunga yenyewe. Alipostaafu, watu walishusha pumzi. Walishusha mapema mno, maana koti alilirudisha ofisini lakini mdomo alikwenda nao nyumbani.

Kwake ni nyuma ya soko, kwenye mteremko unaoangalia kinamasi. Wenyeji wanakiita Sitosi, yaani matope. Alipoolewa pale mwaka wa themanini na saba, maji yalikuwa yakifika magotini, mafunjo yamempita mtu kwa urefu, na vyura wakianza kelele zao jioni ilibidi mtu na mumewe waongee kwa sauti. Sasa usiniulize palikuwaje mwaka jana. Palikuwa jaa. Gicheru, fundi wa magari, alimwaga oili yake chafu pale. Derrick na wenzake waliosha bodaboda pale. Wakulima wa nduma walichimba mitaro kila upande, na kila aliyekuwa na gunia la taka alijua pa kulipeleka.

Phelista alikuwa amepazoea, kama sisi sote. Kilichomwamsha ni jambo dogo. Desemba moja alitoka hospitali kupimwa presha, jua linawaka, miguu imevimba, akatafuta mahali pa kukaa dakika tano. Akakosa. Mji mzima! Ukikaa hotelini lazima uagize kitu. Ukikaa kanisani katikati ya wiki watu wanadhani umefiwa. Ukikaa kando ya barabara wanakuuliza unauza nini. Akakaa kwenye ngazi za duka moja, na mwenye duka akaja kumwambia, tena kwa heshima, "Mama, kama hununui, si upishe wateja?"

Phelista, ambaye miaka miwili nyuma angelifunga duka lile kwa kidole, aliinuka akaenda zake. Njiani machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira, si ya huzuni. Alipofika kwake akalitazama lile jaa mbele ya mlango akasema kwa sauti, peke yake, "Hapa. Watu watakaa hapa, na hakuna atakayewauzia soda."

Ardhi ya Sitosi ni ya umma, hilo halikuwa na ubishi. Lakini kulikuwa na watu waliotaka ijazwe kifusi, iwe maegesho ya malori. Phelista alipanda na kushuka ngazi za ofisi mpaka wakachoka kumwona, wakaikubali kamati yake, wakampa barua. Barua ilisema hivi: mwisho wa Agosti atakuja mkaguzi. Akikuta maji yamesimama na mimea imeshika, patakuwa bustani ya watu wote. Akikuta pakavu, malori yataingia Septemba.

Basi akaanza. Alimwendea kila mtu mlangoni kwake, na maneno yake yalikuwa manne tu. "Kila mtu aondoe chake." Gicheru alilia kwamba ana watoto. "Na mimi sina? Ondoa oili yako." Derrick alimwambia, "Mathe, hapa ndio tunakula, bana." Akamjibu, "Mtakula kule juu kwenye bomba la manispaa. Ondoa mashine yako." Wakulima wa nduma walileta wazee wa kuwaombea, na wazee wakarudi wamebeba majembe ya kusaidia kuziba mitaro. Wee! Kufika Februari, Sitosi ilikuwa uwanja mtupu, mweusi, uliosafishwa kama sahani. Watu walinuna, lakini walifanya, na kila Jumamosi walikuja kufanya kazi kwa sababu wasipokuja angewafuata.

Ikabaki mimea. Akasikia kwamba Kitale kuna mwanamke anaitwa Jelimo, mtu wa Kachibora, anayeotesha mimea ya majini na kuileta sokoni. Akaenda. Akamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, gambuti miguuni, mwanamke mfupi asiyeharakishwa na mtu. Phelista alizoea watu wanaosimama akifika. Jelimo hakusimama.

"Nakupea mafunjo," Jelimo alisema. "Lakini ikianza kufa, niite. Usikae ukisema ni bahati."

Machi mvua ilifika, wakapanda mafunjo mia tatu. Mvua ikanyesha vizuri, ile ya kuloanisha mpaka mifupa. Kila mtu akangoja maji yatuame. Hayakutuama. Yaliingia ardhini usiku, asubuhi pamelowa tu, mchana pamekauka. Wiki ya tano mafunjo yakaanza kuwa manjano ncha zake. Ya sita yakalala. Gicheru akipita njiani alipunguza mwendo makusudi, atazame vizuri. Kule kwenye bomba vijana wakaanza kuulizana malori yatahitaji waoshaji wangapi. Phelista alisikia yote. Alikuwa hali chakula, na kwa mara ya kwanza aliogopa. Alikuwa amewanyang'anya watu kazi na mashamba kwa ahadi ya maji, na maji hayakuja.

Afanye nini? Alifanya alichozoea. Alichukua simu akamfokea Jelimo. "Umenipa mafunjo magonjwa! Watu wananicheka, na Agosti inakuja!"

Jelimo aliishika simu mbali na sikio mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Mama, mimi nimekupea mafunjo mzima. Jumamosi nakuja."

Alikuja kweli, na gambuti zake na jembe la mpini mfupi. Kamati nzima ilikuwepo: Gicheru, Derrick na wenzake, wakulima wa nduma, na wengine waliokuja tu kushuhudia aibu ya Mama Afya. Jelimo hakusalimia wengi. Alitembea katikati ya Sitosi, akachagua mahali, akaanza kuchimba. Kifundo cha mguu, hakuna maji. Goti, hakuna. Alipofika kiunoni jembe likagonga kitu, akainama, akafuta udongo kwa kiganja. Ulikuwa mzizi mnene kama mkono wa mtu mzima, na pembeni yake mwingine, na mwingine.

"Hii si ya mafunjo," akasema. "Hii inatoka mbali. Tufuate."

Basi wakafuata. Derrick alichukua jembe la pili, wakawa wanachimba mtaro mdogo, hatua kwa hatua, na umati nyuma yao kama watu wanaosindikiza maharusi. Mzizi ukapita penye nduma, na wenye nduma wakashusha pumzi. Ukapita penye gereji ya zamani, na Gicheru akainua mikono juu akisema, "Mnaona? Si mimi!" Watu wakacheka. Ukaanza kupanda mteremko. Ukapita chini ya waya wa seng'enge. Hapo kicheko kikaisha, maana kila mtu alijua waya ule ni wa nani.

"Mathe," Derrick alisema polepole, "hii mzizi inaingia kwako."

Mbele yao, kwenye ukingo wa shamba la Phelista, ilisimama mistari miwili ya mikaratusi, ile wenyewe wanaita blugamu. Miti arobaini na mmoja, mirefu kuliko mnara wa kanisa, mashina meupe na laini. Mume wake, marehemu Mukhisa, ndiye aliyeipanda, watu wakamwambia Jelimo.

Jelimo akauweka mkono kwenye shina la kwanza. "Hii inakunywa mchana na usiku. Hata mvua ya mwaka mzima, itamaliza." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa huruma ingawa hakuionyesha, akaongeza, "Mzee alipanda bila kujua. Siku hizo walipanda watu wengi."

"Ni kweli, ni mzee," watu wakaitikia. "Mzee hakujua." Walimwonea haya, wakamtafutia njia ya kutokea. Lakini Derrick alikuwa mkweli, na alikuwa ameambiwa aondoe mashine yake. Akauliza, "Sasa si kila mtu aondoe chake?"

Phelista Nakhungu aligeuka akaingia kwake akafunga mlango.

Ndani alikaa kwenye kiti cha Mukhisa. Watu walidhani ni miti inayomwuma. Miti ilimwuma, ndiyo, lakini kilichomkaba ni kingine. Mzee hakujua? Mzee alijua! Mwaka wa themanini na tisa malaria ilikuwa inamaliza watoto, na katika baraza la chifu alisimama afisa wa afya kijana, koti jipya, sauti kubwa, akawaambia watu wapande blugamu kando ya Sitosi ikauke, mbu waondoke. Miche ilikuja kwa pikapu, na yeye ndiye aliyeigawa. Jioni ile alimpelekea mumewe miche ya kwanza. Mukhisa akaitazama akauliza, "Na maji yataenda wapi?" Phelista akamjibu kwamba yeye si mtu wa afya. Mukhisa alikataa wiki mbili. Wiki ya tatu, kwa sababu alimpenda mkewe na alikuwa amechoka kugombana, akapanda.

Miaka thelathini na sita Phelista hakuwahi kuliita jambo lile kosa. Alikuwa amelisahau, au alikuwa ameliacha mahali ambapo hapatazami. Na sasa watu walikuwa nje wakimtwika marehemu, na marehemu hana mdomo. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Chifu yule alishazikwa, na wazee waliokuwa barazani pia. Ni yeye tu aliyebaki.

Jumatatu jioni alipanda kwa shemeji yake, Kundu, mdogo wa Mukhisa, mwalimu mkuu mstaafu ambaye shamba lake linapakana na lake pale pale kwenye miti. Kundu alimpa kiti, akamwagia chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Phelista alimwambia juu ya maji na mizizi. Lile la baraza hakulitaja.

"Hapana, mulamwa," Kundu alisema. Ndivyo walivyoitana siku zote, yeye na mke wa kaka yake. "Kwetu mjane haangushi mti wa mumewe kabla ndugu wa marehemu hajaweka panga la kwanza. Hilo unalijua. Na mimi panga langu siliweki."

"Kwa nini?"

"Kwanza, ile miti ndiyo mpaka. Leo ukikata, kesho watoto wako na wangu watapimana kwa mapanga. Pili..." Akatazama chai yake. "Asubuhi upepo ukivuma pale, mimi nasema kaka ameamka. Miaka kumi na moja nasema hivyo. Unataka nikate hiyo?"

Phelista alishuka mteremko. Alilala akiwaza, akaamka akiwaza, na Jumanne akavaa viatu vyake vya kazi. Akamwita mpima ardhi. Akamwita chifu. Wakapima kipande chote chenye miti, hatua kumi na mbili kwa upana, kutoka juu mpaka Sitosi, na wanawe wawili, mmoja Eldoret na mwingine Webuye, wakakubali kwa simu baada ya kufokewa kidogo. Ijumaa alitia sahihi karatasi. Hakumwambia mtu.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko siku zote. Phelista alisimama juu ya tuta, mgongo kwa miti. Kundu alikuwa nyuma kabisa, mikono ameikunja kifuani.

"Mliambiwa mzee hakujua," alianza. Sauti ilikuwa ile ile ya kufunga bucha. "Mzee alijua. Mukhisa aliniuliza maji yataenda wapi, nikamwambia yeye si mtu wa afya. Alikataa wiki mbili. Mimi ndiye nilileta miche kwa pikapu. Mimi ndiye nilisimama barazani nikawaambia baba zenu wakaushe. Oili ya Gicheru ilichafua, nduma zenu zilichimba mitaro, lakini aliyeiua Sitosi ni mimi. Nimewafukuza ninyi wote hapa na mimi nimekaa. Nisameheni."

Gicheru alivua kofia, sijui kwa nini, akabaki ameishika.

"Kila mtu aondoe chake," Phelista akaendelea. Akainua karatasi. "Hiki kipande chenye miti si changu tena. Nimekitoa jana, ni cha bustani. Mulamwa, ulisema watoto watagombania mpaka. Hawatagombana. Mpaka wako sasa si na mimi, ni na Bungoma nzima. Nimeondoa ardhi. Lakini miti ni ya kaka yako, na bila panga lako sitaigusa hata malori yaje."

Watu wakageuka wote kumtazama Kundu. Yeye hakuitazama karatasi. Alikuja mbele pole pole, akasimama karibu na shemeji yake akauliza kwa sauti ya chini, kama wako wawili tu, "Kumbe alikataa?"

"Wiki mbili."

"Na alisema hivyo? Maji yataenda wapi?"

"Hivyo hivyo. Amesimama hapa, mche mkononi."

Kundu alifuta uso kwa kiganja. Miaka yote alidhani ile miti ni kaka yake, na kumbe kaka yake alikuwa upande wa maji. "Nipeni panga," akasema. Derrick akampa. Kundu akaliendea shina la kwanza, akaweka mkono juu yake kidogo, kisha akapiga. Ganda jeupe likaruka. Phelista alilia wazi, bila kuficha uso, na mama mmoja wa nduma akamshika mkono.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Misumeno ya injini ilinguruma siku nne. Lakini mkaratusi haufi kwa kukatwa, unachipua upya kwa hasira, na Jelimo aliwaonya kabla ya kurudi kwao. "Menya ganda ya kisiki, funika na udongo, na machipukizi vunja. Ukilegea wiki mbili, imerudi." Phelista hakulegea. Kila asubuhi, kabla ya chai, alishuka na kisu, kisiki kwa kisiki, arobaini na kimoja, akivunja kila chipukizi na kuliambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Presha yake ikashuka, daktari akashangaa.

Wakapanda mafunjo mengine. Lile shimo la kwanza la Jelimo waliliacha wazi liwe kipimo chao. Mei lilikuwa kavu. Juni sakafu yake ikawa na tope. Wiki ya pili ya Julai Derrick alikuja akikimbia, anapiga hodi kama nyumba inaungua. "Mathe! Iko maji! Si mvua, haijanyesha tangu juzi!" Phelista alitoka na leso, hajavaa hata viatu, akapiga magoti kando ya shimo akatia mkono. Maji yalikuwa baridi, yanatoka chini. Jioni ile ile, kwa mara ya kwanza tangu wanawe walipokuwa wadogo, chura mmoja alilia Sitosi, akanyamaza, akalia tena.

Mkaguzi alikuja tarehe ishirini na nane Agosti, mama mmoja mpole anaitwa Chelangat, na viatu vizuri vya ofisini. Phelista alimwambia apite kwenye ubao uliolazwa juu ya tope. Chelangat akasema ataona vizuri akikaribia. Alipiga hatua nne, ya tano mguu ukatoka na kiatu kikabaki. Watu walivunjika mbavu. Yeye mwenyewe akacheka, amesimama kwa mguu mmoja katikati ya mafunjo yanayomfika mabegani, na hapo hapo akaandika kwenye fomu yake: maji yapo.

Kamati ikakaa kuamua jina. Wakapendekeza Bustani ya Phelista Nakhungu, wakapiga makofi, Gicheru akapiga kuliko wote. Phelista akawatazama mpaka makofi yakaisha. "Itaitwa Sitosi kama inavyoitwa," alisema. "Jina langu mtaliandika, lakini nitasema mimi liandikwe wapi."

Derrick ndiye aliyepaka rangi kile kibao. Kipo mpaka leo, langoni, ukiingia kutoka upande wa soko. Kinasema: *Sitosi. Ilikaushwa na Phelista Nakhungu, afisa wa afya, 1989. Mukhisa alimkataza. Ilirudishwa na watu wote.* Derrick alimwuliza mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu alifokewa, akamaliza herufi zake.

Benchi la kwanza walilipasua kutoka kwenye mti ule ambao Kundu aliupiga panga, wakaliweka mahali uliposimama. Jumapili baada ya ibada Phelista alishuka peke yake akakaa. Akanyoosha miguu. Alikaa dakika tano, kumi, nusu saa, na hakuna aliyemwuliza ananunua nini. Mbele yake maji yalikuwa yametulia na upepo unapita kwenye mafunjo, unavuma chini sasa, si juu.

Kundu alikuja na koti lake la kanisani. Alisimama kidogo akisikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama afanyavyo kila asubuhi.

"Sogea kidogo, mulamwa," akasema. Phelista akasogea, na wakakaa.